Majani Yaliyokatwa Yaende Wapi: Somo kwa Wenye Bustani wa Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Mtu anayekata majani ya bustani yake ana kazi mbili, ingawa mara nyingi hulipia moja tu. Ya kwanza ni kukata. Ya pili ni kuamua majani hayo yaende wapi baada ya kukatwa. Kazi ya kwanza huonekana na kusifiwa na wageni. Ya pili huachwa mbele ya geti, ikangojea mvua, upepo au jirani. Somo hili linahusu kazi ya pili. Tumeliandika kwa ajili ya mwenye nyumba, mpangaji, msimamizi wa nyumba ya wageni, na mtu yeyote anayemlipa mwingine amkatie majani ndani ya Manispaa ya Moshi au katika vijiji vilivyoko juu yake.

Mji uliojengwa kwenye mteremko

Moshi haukukaa mahali tambarare. Kutoka Kibosho na Uru ardhi huteremka kuelekea kusini, hupita katikati ya mji, hufika Pasua na Bomambuzi, kisha huingia katika mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Maji ya mvua hufuata njia hiyohiyo. Masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, maji yanayoangukia mabati, sakafu za saruji na lami za sehemu za juu hayapati udongo wa kuyanywa. Hukimbilia mitaroni. Kwa hiyo mtaro ulioko mbele ya nyumba ya Shanty Town si mtaro wa nyumba hiyo peke yake. Ni sehemu ya juu ya mfereji ambao sehemu yake ya chini iko mlangoni kwa mtu mwingine.

Tufikirie toroli moja la majani mabichi lililosukumwa mtaroni Jumamosi jioni. Kwa siku mbili tatu za jua litanyauka na kuonekana dogo, na mwenye bustani atadhani jambo limekwisha. Mvua ikija, fungu hilo litaelea na kuondoka. Mdomoni mwa kalavati litakuta chupa ya plastiki na kitawi cha mjakaranda, vitu ambavyo kila kimoja kingeweza kupita peke yake. Majani ndiyo yatakayovifunga pamoja, mithili ya nyuzi za mkeka. Atakayezibua kalavati hilo atatoa chupa na kulaumu chupa, lakini kilichoishikilia chupa hapo ni ukoka wa bustani ya mtu.

Maji yakituama, majani huoza ndani yake. Kuoza kwake hula hewa iliyomo majini, maji yakawa meusi na yenye harufu, na mbu wanaopenda maji machafu wakapata mahali pa kutagia mayai. Mbu hao, jamii ya kuleksi, humnyima mtu usingizi, na katika maeneo mengine ya nchi yetu, hasa pwani, ni miongoni mwa waenezaji wa matende. Huko chini zaidi mifereji ya Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, hutegemea maji ya Rau na Njoro. Mkulima wa mpunga anayetoa uchafu katika mfereji wake kwa jembe hana namna ya kujua umetoka bustani gani. Pia hana namna ya kudai ujira kwa kazi hiyo.

Lami na tairi mbili

Zaidi ya nusu ya uzito wa majani mabichi ni maji. Mara nyingi maji hayo hufikia robo tatu au hata kupita. Majani hayo yakitandazwa juu ya lami na kupondwa na magari, hutoa utomvu unaoteleza, na mvua ndogo ya rasharasha ikiongezeka hali huwa mbaya zaidi. Mwenye gari la magurudumu manne huenda asihisi chochote. Mwendesha bodaboda anayekata kona akiwa na abiria na mkungu wa ndizi nyuma yake atahisi. Mtoto wa shule aliye kwenye baiskeli naye atahisi.

Jambo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, ambako bustani za majani mbele ya nyumba ni za kawaida kabisa, miji kadhaa imeandika katika sheria zake ndogo kwamba ni kosa kurusha majani yaliyokatwa barabarani, na waendesha pikipiki wa huko huwakumbusha wenye nyumba kila majira ya kukata yanapoanza. Kwetu hatuhitaji kusubiri ajali ili tujifunze. Mashine ya kusukuma ina upande mmoja unaotupia majani nje. Anayeiendesha kando ya barabara na aelekeze upande huo ndani ya bustani, na mizunguko miwili au mitatu ya kwanza, iliyo karibu kabisa na barabara, aifanye akitupia ndani. Hatua hiyo haina gharama hata ya senti, na huondoa sehemu kubwa ya tatizo kabla ya fagio kuguswa.

Yakishaanguka barabarani, yafagiliwe yakiwa bado makavu, siku hiyohiyo, na yarudishwe ndani. Tunasisitiza neno «ndani» kwa kuwa tumeona mara nyingi fagio likitumika kuyasogeza kutoka lami hadi mtaroni, na aliyefagia akaridhika kwamba ameacha mahali safi. Kuyasukuma kwa mpira wa maji ni vibaya zaidi, maana humaliza maji ya kulipia ili kuyapeleka majani pale pale yasipotakiwa.

Mji wa Moshi umeshika nafasi ya juu kwa miaka mingi katika mashindano ya kitaifa ya usafi, na mgeni anayeshuka kwenye basi huambiwa mapema asitupe ganda la ndizi. Ni ajabu kidogo kwamba mtu yuleyule anayemkemea mgeni kwa ganda moja huona fungu la majani kuwa si taka kwa sababu ni la kijani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliyeko nchini haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamwekea pia wajibu wa kuyalinda. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo inashughulikia kero zinazohatarisha afya. Sheria ndogo za Halmashauri hueleza kwa kina zaidi mambo ya taka na faini zake. Nakala yake iulizwe kwa ofisa afya wa kata au kwa mtendaji wa mtaa.

Kupunguza yanayokatwa

Njia nyepesi ya kushughulika na majani mengi ni kutokuwa nayo mengi. Wakataji wenye uzoefu hufuata kanuni moja: usikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukoka wa kawaida, wenye majani membamba, huvumilia kukatwa mfupi, sentimita tatu au nne. Ule wa majani mapana unaojulikana kama Pemba hupendeza na hustahimili jua ukiachwa sentimita tano hadi nane. Anayengoja hadi bustani ifike magotini, kisha akaifyeka yote siku moja, hupata mzigo mkubwa, huacha ukoka ukiwa njano, na huyapa magugu nafasi ya kuota.

Yakikatwa kidogokidogo, vipande vifupi viachwe palepale bustanini. Huingia kati ya mashina, hunyauka, huoza na kurudisha naitrojeni ardhini, nayo ndiyo chakula ambacho mwenye bustani huenda kununua dukani kwa jina la mbolea. Hakuna haja ya kuvikusanya. Vinavyopaswa kukusanywa ni vile virefu vinavyolala kama nywele zilizonyolewa na kufunika ukoka usipate jua, pamoja na vyote vilivyodondoka nje ya bustani. Wakati wa masika majani hukua upesi kuliko mtu anavyoweza kuyafuata. Hapo hakuna budi kukusanya, na ndipo swali la kichwa cha somo hili linapopata uzito.

Majani haya ni malisho ya mtu

Katika nchi nyingi majani yaliyokatwa ni taka tu. Kilimanjaro sivyo. Katika vihamba vya mlimani ng'ombe hufugwa bandani, kwa kuwa ardhi ni ya migomba na kahawa na hakuna mahali pa kuchungia. Majani hukatwa kila siku na kubebwa, na wanaoyabeba kwa kawaida ni kina mama, wengine wakiteremka hadi tambarare na kupanda tena na mzigo kichwani au kwenye gari la kukodi kwa kushirikiana. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji takribani kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na siku haina mapumziko. Katika miezi ya kiangazi fungu la majani lililoachwa mbele ya geti la mjini haliwezi kukaa muda mrefu. Kuna mtu atapita na kamba yake.

Tunalipongeza jambo hili. Kila gunia linalokwenda bandani halikwenda mtaroni wala dampo, na litarudi shambani likiwa samadi. Lakini hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa katika somo hili, nayo haionekani kwa macho.

Hatari ya kwanza ni dawa. Wenye bustani wengi hupuliza viuagugu kwenye njia za kokoto, kando ya ukuta na ukingoni mwa mtaro, wengine hata ndani ya ukoka wenyewe ili kuua magugu ya majani mapana. Siku chache baadaye kijana wa bustani hukata vyote pamoja na kuvirundika nje. Mama anayepita haoni dawa. Anaona majani. Lebo ya kiuagugu hueleza muda ambao mifugo haipaswi kulishwa majani yaliyopuliziwa, na muda huo hutofautiana baina ya dawa na dawa, kwa hiyo hatutaji idadi moja ya siku hapa. Aliyepuliza asome lebo, na hadi muda huo upite majani yake yasitoke nje ya geti. Wala asidhani kuwa kukauka kwa jani ni dalili kwamba dawa imekwisha.

Kutokana na hilo tunamkumbusha mnunuzi mambo ya dukani. Anunue dawa iliyo katika chombo chake cha kiwandani, kilichofungwa, chenye lebo inayosomeka, tarehe ya kuisha matumizi, na ambayo imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Asikubali kupimiwa dawa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kama ni nafuu na muuzaji ni mtu anayemfahamu. Dawa isiyo na lebo haina muda wa kusubiri unaoweza kusomwa, na chupa ile itaishia jikoni.

Hatari ya pili ni matawi ya maua. Siku ya kukata majani ndiyo pia siku ya kupunguza ua, na vyote hurundikwa pamoja. Oleanda, ule mti wa maua ya waridi au meupe unaopendwa kando ya njia za magari kwa kuwa hauhitaji maji mengi, una sumu kali inayoshtua moyo. Majani yake machache tu yanaweza kumuua ng'ombe mzima, na hayapotezi sumu yanapokauka. Zaidi ya hayo, yakiwa mabichi mnyama huweza kuyakataa, ila yakinyauka na kuchanganyika na ukoka huyala bila kuyatambua. Lantana nayo, yenye maua madogo ya rangi mchanganyiko, hudhuru ini la mifugo. Matawi ya aina hizo yakatwe siku nyingine, yafungwe peke yake, na yakabidhiwe kwa wazoa taka. Kama mtu hafahamu jina la ua alilolipanda, busara ni kulihesabu kuwa si malisho.

Hatari nyingine ni za kawaida zaidi. Mashine ijazwe petroli ikiwa juu ya saruji au turubai, si juu ya ukoka. Vipande vya nailoni, waya na vifuniko vya chupa viokotwe kabla ya kukata, kwa kuwa kisu cha mashine huvigeuza kuwa vipande vidogo ambavyo ng'ombe humeza. Majani yaliyokatwa na mashine ni mafupi na laini. Yakirundikwa hupata moto ndani na kuchacha kwa saa chache, na yaliyochacha au kuota ukungu hayafai kulishwa. Anayetaka kumpa mfugaji na ampe siku ileile, na mfugaji ayatandaze, ayachanganye na majani marefu kama mabingobingo au majani ya migomba, asijaze hori kwa ukoka mtupu.

Kwa hayo yote tunashauri jambo dogo la ustaarabu. Badala ya kuacha fungu nje bila maneno, mwenye bustani afahamiane na mfugaji mmoja au wawili, na wapatane siku. Kama amepuliza dawa, amwambie waziwazi: «Mama, ya leo usichukue, tulipuliza dawa wiki hii. Njoo baada ya mvua hizi nikupe mazuri.» Hakuna mfugaji atakayechukia kuambiwa hivyo. Anayeona haya kusema, kwa kuwa hataki kuonekana mchoyo, apime haya hiyo na thamani ya ng'ombe wa maziwa.

Mboji, matandazo, na moto

Pasipo mfugaji, bustani yenyewe inaweza kuyapokea majani yake. Mboji hutengenezwa kwa kupanga kwa zamu majani mabichi na vitu vikavu: majani makavu ya migomba, majani ya mjakaranda yaliyodondoka, maranda, vijiti vyembamba. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi. Ukoka mtupu ukirundikwa hushikamana, hukosa hewa na kunuka, na jirani atakuwa na sababu ya haki ya kulalamika. Rundo lililopangwa vizuri hupata joto linaloweza kufika nyuzi 55 au 60 za Selsiasi katikati yake, nalo huua mbegu nyingi za magugu. Ligeuzwe kila baada ya wiki moja au mbili, likae mbali na ukuta wa jirani, na lisiwe juu ya mfereji.

Kwenye kihamba, majani makavu hutandazwa chini ya migomba na mibuni kuhifadhi unyevu, kazi ambayo wazee waliijua kabla ya kijitabu chochote. Yatandazwe yakiwa yamekauka na kabla hayajatoa mbegu, yakiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Ukoka wenye vipande vya mizizi usitumike, maana huota tena, na kuung'oa kwenye kahawa ni adhabu.

Kuhusu kuchoma, tuna maneno machache. Majani mabichi hayawaki vizuri. Hutoa moshi mzito unaolala chini asubuhi na jioni, ukaingia kwa mwenye pumu na kwenye nguo zilizoanikwa. Jina la mji huu lisichukuliwe kuwa kibali.

Yanayobaki baada ya njia hizi yakabidhiwe kwa wanaozoa taka katika mtaa, baada ya kuulizwa kama wanapokea majani na kwa utaratibu gani. Yakae kwenye kiroba, gunia au tenga, yakiwa yamenyauka ili yawe mepesi, na yatolewe siku ya gari, si siku tatu kabla. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na isitafutiwe kisingizio cha bustani.

Unapomlipa mtu akukatie

Wengi wetu hatukati wenyewe. Tunapatana na kijana mwenye fyekeo au mwenye mashine ya begani, tunataja bei, na tunaingia ndani. Hapo ndipo mafungu ya mitaroni huzaliwa, na si haki kumlaumu kijana. Aliambiwa akate, akakata. Kama mapatano hayakutaja kuondoa, hakuna aliyelipwa kuondoa.

Kwa hiyo mapatano yataje mambo haya kwa kinywa kilicho wazi, au kwa karatasi ikiwa kazi ni ya kila mwezi: eneo linaloishia wapi, na kama ukanda ulioko nje ya ukuta umo, majani yatapelekwa wapi na nani atayabeba, lami na mtaro vitafagiliwa kabla ya malipo. Sehemu ya fedha izuiwe hadi mwenye nyumba atoke nje ya geti na kutazama. Tunasema atoke nje, kwa kuwa kutoka barazani kila kitu huonekana safi. Bei ya kuondoa majani ni halali na ipandishwe ipasavyo. Anayebisha bei hadi ikatosha kukata tu, asishangae kupata kukata tu. Anayeajiri kampuni adai stakabadhi yenye maelezo ya kazi, kwa sababu stakabadhi isemayo «usafi» pekee haimsaidii siku ya mgogoro.

Mashine ya begani yenye kamba au kisu kinachozunguka hurusha kokoto kwa kasi. Maelekezo ya watengenezaji wengi hutaka watu wasiokuwa kazini wakae umbali wa mita 15. Kando ya barabara umbali huo haupatikani wakati wanafunzi wanatoka shuleni, basi kazi ya ukingoni ifanywe saa ambazo wapitaji ni wachache, na mkataji asimamishe mashine mtu anapopita. Awe na miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika miguu. Kama hana, mwenye kazi amtafutie. Kioo cha gari la mpita njia kikivunjwa na kokoto, mwenye gari hatamtafuta mwenye mashine. Atagonga geti.

Anayenunua mashine yake mwenyewe aulize kama ina mfuko wa kukusanyia majani, kwa maana mfuko huo huondoa nusu ya kazi tuliyoieleza hapa. Amtake muuzaji aiwashe mbele yake, aulize vipuri na visu vinapatikana wapi Moshi au Arusha, na apewe hati ya dhamana iliyoandikwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na asili ya bidhaa.

Ukanda wa nje, mfongo, na jirani

Ukanda kati ya ukuta na lami kwa kawaida ni hifadhi ya barabara. Barabara kuu, kama ile ya kwenda Arusha, iko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Umiliki huo haumzuii mkazi kuweka safi mbele ya nyumba yake, na kwa desturi ya mji huu anatarajiwa kufanya hivyo. Unamzuia kujenga, kupanda ua linaloziba macho ya madereva kwenye kona, na kujaza mtaro ili bustani yake ipendeze hadi kwenye lami. Hilo la mwisho limezoeleka, na ni kosa kubwa kuliko kuacha majani.

Juu mlimani, Machame, Kibosho, Uru, Kilema au Marangu, pengine hakuna mtaro wa saruji, lakini upo mfongo. Mfereji huo wa jadi huleta maji kutoka korongoni hadi shamba la mtu wa mwisho, na watumiaji wake hutoka pamoja kwa msaragambo kuusafisha. Nyumba mpya za wageni zenye bustani pana mara nyingine hupakana na mfongo ambao mwenye nyumba haujui historia yake. Kwa kuwa mifongo hupita karibu na bustani na maji yake yanakwenda, inavutia kuyatupia majani humo. Yatakwama shambani kwa mtu mwenye zamu yake ya maji siku hiyo, na zamu iliyopotea hairudi hadi mzunguko mwingine. Mgeni katika kijiji amwone mwenyekiti wa kamati ya mfongo kabla ya kuleta mashine, na siku ya msaragambo atume mtu.

Malalamiko baina ya majirani yaanze kwa maneno ya upole, uso kwa uso. Mdogo anayemwendea mkubwa anaweza kusema: «Shikamoo, baba. Samahani kwa kukusumbua. Vijana waliokata jana waliacha fungu pale mtaroni, na maji yamerudi kwetu. Naomba tulitoe pamoja.» Maneno «kwetu» na «pamoja» hufanya kazi ambayo barua ya malalamiko haiwezi. Wachaga walikuwa na jani la isale la kuombea msamaha katika magomvi mazito. Hatudhani toroli moja la ukoka linafikia kiwango cha isale, ila tumeona magomvi yaliyoanzia hapo yakafikia mipaka ya viwanja. Anayeambiwa naye asikimbilie kusema kwamba aliyekata ni kijana wa kuajiriwa. Bustani ni yake, na majani ni yake.

Kama mazungumzo hayakuzaa kitu, jambo lipelekwe kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata na ofisa afya. Mlalamikaji awe na tarehe, picha ikiwezekana, na maelezo ya mtaro ulioziba. Kwa barabara iliyofurika au kalavati lililoziba kabisa, TARURA au TANROADS wajulishwe bila kusubiri mwisho wa ugomvi wa majirani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, iliyotengwa kitaifa kwa usafi baada ya zoezi la tarehe 9 Desemba 2015, ni siku nzuri ya kufungua mitaro ya mtaa mzima kwa pamoja, kuanzia ule wa chini kupanda juu, ili kilichozibuliwa juu kisiende kuziba chini. Mtu mwenye ng'ombe katika mtaa aarifiwe siku moja kabla, aje na gunia kuchukua majani ya bustani yaliyo safi. Yale yanayotoka mtaroni, yaliyolowa maji machafu, hayalishwi. Hayo ni ya gari la taka.